Ofa ya kazi Mbeya, siku 12 za kujibu: nitajuaje Mungu anasema nini?

Kijana_wa_Moro

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba msaada wa watu wanaolijua Neno, maana wa kunitia moyo tayari ninao wengi.

Niko Morogoro, nafanya kazi kampuni binafsi, mshahara ghafi 900,000. Nimepata ofa Mbeya, mkataba wa miaka 2, ghafi 1,400,000. Barua inataka jibu ndani ya siku 12. Nina mke na watoto wawili, mkubwa yuko la saba, kwa hiyo familia ingebaki Moro kwanza, mengine tungeona baadaye. Mke wangu hajakataa, ila anasema hana amani.

Maswali yangu:

1. Nimeshauriwa niweke ishara kama Gideoni. Mfano, wakinipigia simu kabla ya Jumatano, basi ni Mungu. Inaruhusiwa?
2. Kuna mtumishi amenitabiria kuwa Mungu amenifungulia "mlango wa kusini-magharibi", kisha akasema nipande mbegu, yaani nimtolee sadaka ya fedha, ili mlango usifungwe. Nimpe uzito gani?
3. Nifunge siku ngapi?
4. Hiyo "amani" tunayoitaja kila siku ni kitu gani hasa?

Naomba kuwasilisha.

---

Mzee_wa_Rungwe

Kijana, amani iwe kwako. Nitaanza na jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu hayo manne yote yanalitegemea: je, jibu la "usiende" bado lina nafasi kwako?

Soma Yeremia 42 na 43 kwa mkupuo mmoja. Watu walimwendea Yeremia wakamwomba awaulizie kwa BWANA, wakaapa kutii, liwe jema liwe baya. Jibu lilikuja baada ya siku kumi: kaeni hapa, msiende Misri. Wakamwambia Yeremia anasema uongo. Kwa nini? Rudi nyuma kidogo, 41:17. Walikuwa wameshapiga kambi karibu na Bethlehemu, njiani kwenda Misri. Mizigo ilikuwa imefungwa kabla ya maombi. Kwa hiyo kama umeshawaambia marafiki kwamba unahama na umeshaanza kuulizia vyumba Mbeya, kazi ya kwanza ya maombi yako ni kufungua mizigo. Mwambie Mungu kwa maneno yako, kwa sauti, kwamba kubaki ni sawa. Kama maneno hayo hayatoki, omba juu ya hilo kwanza, kazi ya Mbeya ingoje.

Pili, tenganisha kilichokwisha kusemwa na ambacho hakijasemwa. Uaminifu katika ndoa, kutunza watu wa nyumbani mwako (1 Timotheo 5:8), kutodanganya kwenye wasifu wa kazi, hayo hayaombewi uongozi, yameandikwa. Lakini kati ya kazi mbili halali katika miji miwili, Biblia haitakupa jina la mji. Hapo umepewa hekima ya kuomba (Yakobo 1:5) na uhuru wa kuchagua. Hata Paulo alipomwandikia mjane juu ya kuolewa tena alisema yu huru kuolewa na mtu amtakaye, katika Bwana tu (1 Wakorintho 7:39). Wakristo wengi wanateseka kwa kudhani kuna nukta moja tu kwenye ramani, na wakiikosa maisha yameharibika. Hilo silioni kwenye Maandiko.

Sasa Gideoni. Soma Waamuzi 6 kuanzia mstari wa 14, usianzie 36. Mungu alikuwa ameshamtuma waziwazi, na Gideoni mwenyewe anakiri kwenye 36 na 37, "kama ulivyosema". Ile ngozi ya kondoo aliyoitandika usiku akiomba ishara ya umande haikumfunulia mapenzi ya Mungu, ilimsaidia mtu mwenye hofu aliyekuwa ameshayajua. Na mara ya pili aliomba kwa kutetemeka, asije akamkasirisha Mungu. Wewe hujaambiwa lolote la namna hiyo. Na ishara uliyochagua ina kasoro nyingine: ofisi yoyote inayotafuta mtu itampigia simu ndani ya juma. Umechagua jambo ambalo litatokea tu, halafu utaliita jibu.

Kwenye kundi hilohilo weka kufungua Biblia kwa kubahatisha na kuweka kidole. Sisi Wamoraviani tunalijua jambo hili kwa karibu. Neno la Siku, yaani andiko la kusoma kila siku, huchaguliwa kwa kura kule Herrnhut, Ujerumani, na limekuwa likichapwa tangu 1731. Wazee wetu wa karne ya 18 walifika mbali zaidi, wakapiga kura hata juu ya nani amwoe nani. Kura za ndoa ziliachwa. Neno la Siku limebaki, kwa sababu kazi yake ni kulisha roho asubuhi. Ukisoma leo "Ondoka, uende", hiyo ni chakula chako cha leo, hujaandikiwa barua ya uhamisho.

Kuhusu milango iliyo wazi: Yona, akimkimbia Mungu, alipofika Yafa alikuta merikebu iendayo Tarshishi, na nauli alikuwa nayo. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Daudi alimkuta pangoni Engedi mfalme Sauli aliyekuwa akimwinda, na watu wake wakamwambia hii ndiyo siku aliyoisema BWANA (1 Samweli 24:4). Hakumuua. Nafasi kupatikana ni habari tu, ipime pamoja na habari nyingine.

Ukitaka mfano wa kuufuata, mchukue Nehemia. Alisikia habari za Yerusalemu mwezi wa Kisleu, akazungumza na mfalme mwezi wa Nisani. Hapo katikati ni kama miezi minne ya kufunga na kuomba. Mfalme alipomuuliza anataka nini, aliomba kimoyomoyo papo hapo (2:4), kisha akajibu kama mtu aliyekwisha kupiga hesabu: akataja muda wa kurudi, akaomba nyaraka za kupitia kwa maliwali ng'ambo ya Mto, akaomba waraka kwa Asafu, mwenye kuulinda msitu wa mfalme, apewe miti ya malango. Alipofika alikaa siku tatu, akatoka usiku na watu wachache kukagua kuta kabla hajamwambia mtu yeyote. Aliomba sana na alikagua sana, na hakuna mahali kitabu kinaonyesha kwamba kimoja kilipunguza kingine.

---

Mhasibu_Mlei

Nachukua hapo kwenye kukagua kuta. Luka 14:28 inasema mtu huketi kwanza akahesabu gharama. Tuketi basi, mkuu.

Ghafi 900,000: toa NSSF (mfuko wa pensheni) 10% = 90,000. Inayotozwa kodi ni 810,000, PAYE yake (kodi ya mshahara) 80,500. Mkononi 729,500.

Ghafi 1,400,000: NSSF 140,000. Inayotozwa 1,260,000, PAYE 206,000. Mkononi 1,054,000.

Nimetumia viwango vya kodi vilivyoanza Julai 2021. Ile nyongeza ya 500,000 iliyokufurahisha kwenye barua imekuwa 324,500. Sasa una kaya mbili. Tuseme chumba Mbeya 100,000 kwa mwezi, chakula na matumizi yako 150,000, kwenda na kurudi Moro mara moja kwa mwezi 80,000. Jumla 330,000. Umeshapitiliza nyongeza kwa 5,500, na zaka sijaigusa. Chakula cha nyumbani kitapungua kidogo kwa kuwa wewe haupo, lakini si kwa kiasi cha kukutajirisha. Weka namba zako halisi badala ya zangu, ila usiache mstari wowote wazi. Na kodi ya nyumba mara nyingi inadaiwa miezi 3 au 6 mbele, hiyo pesa inatoka wapi mwezi wa kwanza?

Mambo mengine ya kujua kabla hujapiga goti la mwisho:

Notisi. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi isiyopungua siku 28. Angalia mkataba wako wa sasa, unaweza kudai zaidi. Je, Mbeya watakusubiri?

Miezi 6 ya kwanza. Ulinzi wa sheria hiyo dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haumhusu aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo. Huko Moro kama una miaka kadhaa, unaacha ulinzi kamili unaanza bila huo.

Mkataba wa muda maalumu unaisha tarehe ikifika. Uliza kwa maandishi kama kuna kuongeza, na kama nyumba au usafiri vimo.

Na tafadhali, barua ya kuacha kazi isitoke kabla mkataba mpya haujasainiwa na pande zote mbili. Barua ya ofa ni ahadi tu. Kuna watu wanaita hili kukosa imani, kisha wanakuja kwenye kamati ya diakonia, ile ya kusaidia wahitaji kanisani, kuomba msaada wa kodi ya nyumba.

Hesabu hii haikwambii usiende. Inawezekana Mungu anakutaka Mbeya kwa sababu isiyohusiana na fedha. Lakini kama sababu uliyokuwa ukimpelekea Mungu kila usiku ni "kipato cha familia", jua kwamba ulikuwa unaombea 324,500.

---

Mtumishi_Ifakara

Shalom. Wazee wamesema vema, ila sisi Wapentekoste tusibebeshwe wote mzigo wa yule wa "kusini-magharibi". Neno linasema msitweze unabii, na papo hapo linasema jaribuni mambo yote (1 Wathesalonike 5:20-21). Amri zote mbili zinasimama.

Jinsi ya kuujaribu: andika maneno aliyosema vilevile, na tarehe, kabla hujaanza kuyaelewa. Peleka kwa mchungaji wako na kwa mkeo. 1 Wakorintho 14:29 inasema manabii wanene wawili au watatu, na wengine wapambanue. Unabii usiotaka kupambanuliwa umejitoa wenyewe kwenye utaratibu huo. Kisha uliza kama maneno yale yangeweza kushindwa. Kutoka Moro, kusini-magharibi ni Iringa, ni Njombe, ni Mbeya, ni Songwe. Huo utabiri una upana wa barabara kuu nzima.

Halafu tenga ujumbe na tafsiri. Nabii Agabo alisema Paulo atafungwa Yerusalemu (Matendo 21:10-11), na kweli Paulo alikamatwa huko. Ndugu waliokuwepo wakatafsiri: basi usiende. Paulo alikwenda. Ujumbe ulikuwa sahihi, hitimisho la wapendwa halikuwa lake.

Na anayekutabiria akishakudai fedha ili neno litimie, mjadala umefungwa. Nabii Elisha alikataa zawadi ya Naamani aliyeponywa, Gehazi mtumishi wake aliyeifuata mbio akaondoka na ukoma. Mika 3:11 inawataja manabii wabashirio kwa ajili ya fedha, na si kwa sifa. Usitoe hiyo mbegu, hata kidogo, hata "kwa usalama tu".

Jambo moja nampinga mzee wa Rungwe kwa heshima zote. Mungu wakati mwingine hutaja mji. Paulo alizuiliwa asihubiri Asia, akazuiliwa Bithinia, akaonyeshwa Makedonia (Matendo 16:6-10).

---

Mzee_wa_Rungwe

Mtumishi, nakubali anaweza. Ila angalia kwamba Paulo hakuwa amekaa Listra akisubiri maono. Alikuwa barabarani, akijaribu njia moja baada ya nyingine, na maono yalikuja bila yeye kuyaagiza. Baada ya maono bado mstari wa 10 unasema kwa wingi kwamba walitambua, wote kwa pamoja. Ninachokataa ni kumfundisha kijana kwamba asipopata maono hana uongozi.

---

Katekista_Peramiho

Tumsifu Yesu Kristo. Najibu la nne tu, la amani.

Wakolosai 3:15, "amani ya Kristo iamue mioyoni mwenu", hunukuliwa kana kwamba ni kipimo cha mtu mmoja chumbani kwake. Endelea kusoma: "ndiyo mliyoitiwa katika mwili mmoja". Ni amani kati ya watu. Kwa hiyo mke asiye na amani ameshaingia kwenye huo mstari, hayuko pembeni yake.

Hisia zenyewe nazo zina mafundisho ya zamani. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, alitofautisha faraja na ukiwa. Faraja ni pale moyo unapovutwa kwa Mungu, imani, matumaini na mapendo vinakua, hata kama unalia. Ukiwa ni giza, uvivu wa sala, kuona Mungu yuko mbali. Kanuni yake mashuhuri: wakati wa ukiwa usibadilishe uamuzi uliofanya kabla. Watu hufanya kinyume kabisa, huacha kazi jioni ile waliyogombana na bosi.

Alionya pia upande wa pili. Msisimko si faraja. Furaha ya kupata barua ya ofa huisha ndani ya siku tatu nne, ingoje ipite kwanza.

Fanya hivi. Chukua karatasi, igawe sehemu nne: faida za kwenda, hasara za kwenda, faida za kubaki, hasara za kubaki. Watu huandika mbili tu wakidhani faida za kwenda ndizo hasara za kubaki. Si kweli. "Mtoto ananiona kila jioni" haitajitokeza mpaka uwe na sehemu ya tatu. Mbele ya kila jambo andika herufi: M kama linamhusu Mungu na watu uliopewa, S kama ni sifa, fedha au hofu yako. Herufi ni nyongeza yangu, zinasaidia kuona upesi. Usihesabu idadi, pima uzito.

Kisha jaribu maswali yake matatu. Mtu usiyemjua kabisa, mwenye hali kama yako, akija kwako, ungemshauri nini? Ukiwa kitandani saa ya kufa, ungetamani uwe umechagua lipi? Siku ya hukumu je?

Siku tatu ishi kana kwamba umekubali, bila kumwambia mtu. Siku tatu kana kwamba umekataa. Kila usiku dakika 15, andika mistari miwili: leo nilisali vipi, nilikuwaje kwa mke na watoto. Mwishoni linganisha. Ukishaamua, mpelekee Mungu uamuzi huo na umwombe authibitishe, kabla hujaupeleka kwa mwajiri.

---

Kijana_wa_Moro

Nashukuru sana wakuu. Nimeumia kidogo pale kwenye 324,500, lakini ni haki. Limebaki la kufunga. Nimeambiwa siku 3 kavu, bila maji, kama Esta. Na mke wangu nimshirikisheje bila kuonekana namlazimisha? Nikiuliza tu, anajibu "wewe ndiye kichwa, amua".

---

MamaUpendo

Mwanangu, tuanze na Esta. Ile ilikuwa hatari ya taifa kuangamizwa, na aliwaita Wayahudi wote wa Shushani wafunge pamoja naye. Hakuna andiko linaloweka siku tatu kavu kuwa bei ya kupata jibu. Mungu hashinikizwi kwa njaa. Kufunga kunakupa muda na kunashusha kelele za mwili, basi.

Kwa mtu anayekwenda kazini kila siku, siku mbili au tatu zisizofuatana zinatosha: unakula usiku, unafunga mpaka jioni inayofuata, maji unakunywa. Ule muda wa chakula cha mchana uwe wa maombi kweli, maana wengi huruka chakula wakabaki kwenye simu. Fungua kwa uji mwepesi au matunda, usianze na chipsi. Mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo, mjamzito, anayenyonyesha, anayemeza dawa kila siku, asifunge kabla ya kuongea na daktari. Anaweza kuacha kitu kingine.

Na usisaini chochote siku ya mwisho ya mfungo. Eliya alipokuwa amechoka hata anaomba afe, Mungu hakuanza kwa kusema naye. Alimwacha alale, akamlisha, akalala tena, akalishwa mara ya pili (1 Wafalme 19:5-7). Mazungumzo yalikuja baadaye, Horebu. Kula, lala usiku mzima, ndipo uamue.

Sasa mkeo. "Wewe ndiye kichwa, amua" mara nyingi ni mlango anaoufunga kwa adabu, akiona umeshaamua. Usimuulize "unaonaje?", swali hilo ni pana mno. Muulize moja moja, na andika anavyojibu bila kumkatiza:

Ni kitu gani hasa ukikiwaza unakosa amani: fedha, watoto, usalama wa nyumba usiku, au mimi kuwa peke yangu mbali?

Kitu gani kikipatikana amani yako itarudi?

Kama kisipopatikana, uko tayari nikatae?

Sikia swali la pili vizuri. Akisema "tarehe ya sisi kuhamia huko", hapo umepata uongozi zaidi ya ndoto kumi, kwa sababu kwenye maelezo yako nimeona neno "mengine tungeona baadaye". Huo si mpango. Mtoto wa la saba anafanya mtihani Septemba. Baada ya hapo kuna kizuizi gani? Andikeni mwezi wa kuhamia, au andikeni kwamba haiwezekani. Wenye ndoa walioruhusiwa kutengana kidogo katika 1 Wakorintho 7:5 walipewa masharti: wapatane, iwe kwa muda, kisha wakutane tena. Na hapo ilikuwa kwa ajili ya sala, seuze mshahara.

Ombeni pamoja dakika kumi tu usiku, kila mmoja kwa zamu, na mkiomba msihubiriane. Maombi ya "Ee Bwana mfungue mke wangu macho" huyaharibu yote.

Tafuteni pia washauri wawili au watatu, sio kumi. Mmoja awe anayeifahamu ndoa yenu, mmoja anayeijua kazi hiyo au huo mji, mmoja awe mtu asiyeogopa kukwambia hapana. Wapeni habari zote, pamoja na hasara. Ukimsimulia mshauri upande mmoja, ushauri utakaopata ni wako mwenyewe.

---

Mhasibu_Mlei

Mama amemaliza. Naongeza la tarehe tu, maana siku 12 ndizo zinazokubana usifanye hayo yote.

Omba kuongezewa. Mwandikie mwajiri barua pepe kabla ya siku ya 8, usingoje ya 11. Shukuru kwa ofa, omba siku 7 zaidi kwa sababu ya mipango ya familia, taja tarehe kamili utakayojibu, na kwenye barua hiyohiyo uliza yale ya nyumba, usafiri na kuongeza mkataba. Maswali ya masharti yanaonyesha uko makini, hawatakuona unasitasita.

Wakikubali, una siku 19 na zoezi la katekista linaingia bila kukimbizana. Wakikataa, siku 12 bado zinatosha kwa karatasi ya sehemu nne, mazungumzo na mama watoto, na washauri watatu. Mkifika siku ya 12 hamjapatana, jibu la kuandika ni "kwa sasa hapana", kwa sababu kazi uliyonayo bado ipo, na notisi ukishaitoa hairudishwi bila hiari ya mwajiri.